UZI: Kazi za TEHAMA zikitolewa nje, ramani ya mifumo inabaki kwa nani?

MhasibuWaMagharibi (Mbarara)

Wakuu, habari za kazi. Nauliza kwa upande wa SACCO, ila naona swali linagusa hospitali, shule na mashirika pia.

Hali ni hii: wanachama 14,000, matawi matano, wafanyakazi wa TEHAMA wawili. Mfumo wa akiba na mikopo uko kwenye seva ya makao makuu, na umeunganishwa na MTN MoMo na Airtel Money kupitia kampuni ya kati. Bodi inataka vyote apewe mkandarasi mmoja wa Kampala kwa miaka mitano: seva, mfumo wenyewe, laini za matawi, kuhudumia watumiaji, hadi kompyuta za mezani. Mshauri amesema tuanze na usanifu wa mifumo, yaani kuchora ramani ya mifumo yetu na jinsi inavyoungana. Mwenyekiti naye anauliza: kama kazi yote inatoka, usanifu wa nini tena? Si atausanifu huyo huyo tunayemlipa?

Naomba majibu ya wanaoijua kazi. Wauzaji mtusamehe kwa leo.

---

Msanifu_Ntinda

Mwenyekiti ameuliza swali zuri. Jibu langu: kazi inaweza kutoka yote, lakini kuamua mpaka wa kazi upite wapi hakutoki. Ukimwachia mkandarasi, ataupitisha panapomfaa yeye, na ni haki yake kibiashara.

Kila mkataba unachora mstari: hapa pako, pale pangu. Mstari ukipita mahali ambapo mifumo miwili inaongea kwa njia moja iliyoandikwa na inayopimika, upande wa pili unaweza kubadilishwa mtu bila nyumba kutikisika. Ukipita katikati ya kitu kilichofungamana, kwa mfano mkandarasi anashika hifadhidata na nyinyi mnashika ripoti zinazosoma majedwali ya hifadhidata hiyo moja kwa moja, basi kila akigusa jedwali ripoti zenu zinakufa. Hajavunja mkataba. Kwenye mkataba hamna neno "jedwali".

Mwaka 1968 mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway aliandika kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya watu walioutengeneza. Mkataba ni aina ya mawasiliano, tena ya gharama kubwa: swali lililokuwa la kuinua kichwa na kumuuliza jirani linageuka barua, kikao na ankara. Kwa hiyo sehemu mbili zinazohitaji kuzungumza kila saa msizitenge kwa mkataba. Mwaka 1972 mwenzake wa fani hiyo, David Parnas, naye alieleza kwamba moduli (kipande cha programu) nzuri ni ile inayoficha ndani yake uamuzi unaoweza kubadilika kesho. Tafsiri yake kwenye zabuni: toeni nje kitu ambacho mkandarasi anaweza kukibadilisha ndani bila nyinyi kuhisi chochote. Kompyuta za mezani ziko hivyo. Laini za matawi ziko hivyo. Kanuni za kukokotoa riba ya mikopo yenu haziko hivyo.

---

FundiSeva_Jinja

Maneno mazuri ssebo, ila watu wawili wa TEHAMA hawana muda wa TOGAF, ule mwongozo mnene wa usanifu. Asubuhi wanafungua nenosiri la keshia, mchana printa ya tawi, jioni wanachukua bakapu. Hiyo ramani ataichora nani?

---

Msanifu_Ntinda

Hao hao wawili, kwa wiki mbili au tatu, na TOGAF ibaki kabatini. Kinachotakiwa ni kurasa nne.

Ukurasa wa kwanza ni orodha ya mifumo yote. Yote maana yake na faili la Excel la meneja wa mikopo, na daftari la gawio analolijua mtu mmoja. Msishangae orodha ikifika kumi na tano. Kila mstari uonyeshe: mwenye kitu kwa upande wa biashara ni nani, data imekaa kwenye mashine gani, nenosiri la msimamizi mkuu analo nani, leseni imeandikwa jina la nani, inaisha lini.

Wa pili ni mishale. Nini kinaongea na nini, kwa njia gani, mara ngapi kwa siku. Njia ziko tatu tu: API (programu kuongea na programu moja kwa moja), faili linalohamishwa, au mtu anayesoma skrini moja na kuchapa kwenye nyingine. Hiyo ya tatu ipakeni rangi nyekundu. Mkandarasi hataiona kwenye ziara yake ya siku moja, haitaingia kwenye bei, na siku mnayompa funguo yule mtu aliyekuwa anachapa anaacha kuchapa kwa sababu "sasa ni kazi ya kampuni". Wiki moja baadaye vitabu vya tawi havilingani na vya makao makuu.

Wa tatu: kila mfumo ukizimika kwa saa moja, siku moja, siku tatu, nani anaumia na kwa kiasi gani. Hapa ndipo mnapopata muda wa kurudi kazini na kiasi cha data mnachokubali kupoteza. Dirisha la keshia haliwezi kupoteza hata muamala mmoja. Barua pepe inaweza kulala nusu siku na hakuna atakayekufa.

Wa nne ni mpaka wenyewe: mstari mmoja kuzunguka kila kundi la vitu mnavyotaka kuvitoa. Hesabuni mishale inayokatwa na mstari. Ikikatwa mishale miwili au mitatu, kundi hilo linatoka vizuri. Ikikatwa kumi na miwili, mmekosea mstari, usogezeni.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mkandarasi anayekuja kukuta hamna ramani ataichora yeye, na ikiwa ndani ya kompyuta yake ni yake.

---

Laini_na_Nodi (Namanve)

Nitagusa SLA, yaani kiwango cha huduma anachoahidi mkandarasi kwenye mkataba, maana hapo bodi nyingi hudanganywa na asilimia.

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ahadi ya 99.9% inaruhusu kuzimika dakika 43. Ya 99.5% inaruhusu saa 3.6. Ya 99% saa 7.2. Hadi hapo kila mtu anaelewa. Sasa ufuate muamala wa mwanachama aliye Ibanda anayeweka akiba kwa simu na kuuliza salio dirishani: laini ya tawi 99%, seva 99.5%, mfumo wa akiba 99.5%, kampuni ya kati 99.5%, mtandao wa simu 99.5%. Zidisha zote: unapata karibu 97%. Hiyo ni zaidi ya saa 21 za kuzimika kwa mwezi, na kila mmoja kwenye mnyororo yuko ndani ya mkataba wake. Hakuna wa kumdai hata shilingi.

Hesabu hiyo mkandarasi hawezi kuwafanyia, kwa sababu yeye anauza pete moja au mbili za mnyororo. Anayeona mnyororo mzima ni mwenye ramani.

Mambo mengine ya SLA kwa haraka. Andikeni kipimo kinachukuliwa wapi: kwenye skrini ya keshia tawini. Kikichukuliwa kwenye seva ya mkandarasi kitasoma kijani siku nzima wakati foleni inafika barabarani. Andikeni saa zinazohesabika. Saa 3.6 zikiangukia zote Jumatatu asubuhi, asilimia bado itaonekana nzuri mwisho wa mwezi. "Kujibu ndani ya dakika 15" maana yake mtu amepokea simu. Ulizeni kurekebisha ni ndani ya muda gani. Na kama fidia inaishia 5% ya ada ya mwezi, jueni kwamba kuzembea ni rahisi kuliko kuajiri fundi wa pili.

---

NesiWaTakwimu (Gulu)

Nafuatilia. Nina swali: seva kuwa nje ya nchi kwenye wingu (seva za kukodi kupitia intaneti) na seva kuwa Kampala, kuna tofauti gani kwa matawi ya mbali?

---

Laini_na_Nodi

Kubwa, nnyabo. Uganda haina bahari. Intaneti yetu inashuka hadi nyaya za Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja upande wa Afrika Kusini, na nchi za Afrika Mashariki zikabaki zinatambaa. Waliokuwa na laini kwa kampuni mbili tofauti walidhani wana akiba. Wengine waligundua kampuni zote mbili zinapita kwenye waya ule ule. Kwa hiyo kwenye zabuni msiombe "laini mbili". Ombeni njia mbili, na mkandarasi aandike kila moja inatoka kupitia mji gani na waya gani.

Kisha Januari 2021: intaneti ilifungwa nchi nzima kuanzia tarehe 13 hadi 18 wakati wa uchaguzi. Mfumo unaokaa Ulaya haukuwa na pa kupita. Laini ya kukodi ya ndani inayofunga tawi na seva iliyoko nchini, bila kupita kwenye intaneti ya umma, ni muundo mwingine kabisa.

Wingu lina faida zake. Kuna vituo vya Cape Town na Johannesburg, na kwa barua pepe na bakapu za mbali sioni sababu ya kununua chuma. Lakini kama skrini moja ya keshia inauliza hifadhidata mara 40 mfululizo, na kila swali linakwenda na kurudi Ulaya kwa milisekunde 150, hizo ni sekunde 6 kwa kila mteja. Programu ile ile ikiwa Kampala huihisi kabisa. Tatizo hilo halitatuliwi kwa kununua megabiti zaidi, ingawa muuzaji atawaambia ongezeni megabiti. Linatatuliwa kwa kuisogeza hifadhidata karibu au kwa kuandika upya skrini iulize mara mbili tu, na hiyo ya pili ni kazi ya mwenye programu. Ndiyo maana nasema muundo huja kabla ya mkataba: mwenye laini na mwenye programu wakiwa kampuni mbili, watatupiana mpira mpaka mwaka uishe.

---

Dada_Miamala (Kampala)

Mpaka unaouma kuliko yote kwa SACCO ni ule kati ya mfumo wa akiba na kampuni ya kati ya pesa za simu. Niukalie kidogo.

Kwanza, muamala una hali tatu. Umefanikiwa, umeshindikana, haujulikani. Mikataba mingi inazungumzia mbili za kwanza. Ya tatu ndiyo inayokula pesa: mwanachama ametoa 200,000 kutoka akiba kwenda kwenye simu, mfumo wenu umetuma ombi, jibu halijarudi ndani ya sekunde 30. Programu iliyoandikwa kivivu inachukulia kwamba imeshindikana na inarudisha pesa kwenye akiba. Kumbe upande wa simu zimeshafika. Amelipwa mara mbili. Au kinyume chake: inatuma tena, na zinakwenda mara mbili.

Dawa yake ni ya kiusanifu, na inatakiwa iandikwe kwenye kiambatisho cha mkataba kwa maneno makavu:

Namba ya kipekee ya muamala itolewe na mfumo wenu *kabla* ombi halijatumwa, na hifadhidata ikatae namba hiyo kujirudia. Ombi likirudiwa kwa namba ile ile, kampuni ya kati irudishe jibu la mwanzo bila kulipa tena. Jibu likichelewa, pesa ziingie akaunti ya kusubiri, wala zisirudi kwa mwanachama wala zisihesabiwe kuwa zimetoka. Mfumo uulize hali ya muamala baada ya sekunde 30, dakika 2, dakika 10. Usipopata jibu, muamala unaachwa hadi ulinganisho wa asubuhi.

Ulinganisho huo ni wa pande tatu: leja yenu, faili la kampuni ya kati, taarifa ya kampuni ya simu. Wengi hulinganisha mbili na kufunga kazi. Na hapa kuna mitego midogo inayosumbua miezi. Seva za kampuni ya kati mara nyingi zinasoma saa ya UTC (saa ya pamoja ya dunia), iliyo nyuma ya Kampala kwa saa 3, kwa hiyo muamala wa saa nane usiku wetu unaandikwa tarehe ya jana. Leja yenu inafunga siku saa kumi na mbili jioni, kampuni ya simu inafunga saa sita usiku: miamala ya saa sita nzima itaonekana tofauti kila siku ya Mungu, na wahasibu watazoea kupuuza tofauti. Wakishazoea, mwizi anapata pa kujificha.

Namba za simu nazo. Kwenye mfumo mmoja ni 0772, kwenye mwingine +256772, kwenye wa tatu 256772. Chagueni umbo moja, 256 na tarakimu tisa, na kila mkandarasi abadilishe kwake kabla ya kuwaletea. Hilo ni uamuzi wa mwenye data, haliwezi kuachwa kwa wakandarasi watatu wakubaliane wenyewe.

Mwisho: wakandarasi wa wakandarasi. Oktoba 2020 benki moja kubwa na kampuni mbili za simu zilitoa tangazo la pamoja hapa Uganda, kwamba miamala kati ya benki na pochi za simu imesimamishwa kwa sababu ya tukio kwenye mfumo wa mtoa huduma wa tatu. Taasisi kubwa tatu, na nyuma yao sehemu moja ya kuunganisha. Waulizeni mnaowapa kazi: nyuma yenu kuna nani, na je, mkandarasi wetu mwingine naye anamtegemea huyo huyo?

---

FundiSeva_Jinja

Hapo kwenye UTC umenimaliza 😂 Banange, hiyo ni kila mahali.

---

Wakili_Nakasero

Nichangie upande wa sheria, kwa ufupi, maana mashine si fani yangu.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamwacha mwenye data akiwajibika hata kama data inashikwa na mkandarasi. SACCO inajisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U (mamlaka ya taifa ya TEHAMA), na usajili huhuishwa kila mwaka. Mkataba na anayechakata data lazima umbane kwenye usiri na hatua za usalama. Data ikihifadhiwa nje ya nchi, ama nchi hiyo iwe na ulinzi usiopungua wa kwetu, ama mwanachama awe amekubali. Kampuni ikipatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa humo, mahakama inaweza kuitoza hadi 2% ya mapato ghafi ya mwaka. Kwa hiyo ule ukurasa wa kwanza wa Msanifu, safu ya "data imekaa wapi", si pambo. Bila hiyo huwezi hata kujaza fomu kwa ukweli.

Cha pili ni majina. Jina la tovuti la .co.ug au .ug lisajiliwe kwa jina la SACCO na kwa barua pepe ambayo haikai ndani ya jina hilo hilo. Namba fupi ya USSD, ile ya nyota na reli ambayo wanachama wameikariri, hutolewa chini ya mamlaka ya UCC (tume ya mawasiliano). Ikiwa imeandikwa jina la mkandarasi, mkiachana anaondoka nayo na wanachama 14,000 wanabonyeza namba ya mtu mwingine. Vivyo hivyo vyeti vya usalama vya tovuti, akaunti za wingu, na akaunti ya duka la programu za simu. Akaunti ifunguliwe na nyinyi, mkandarasi aalikwe ndani kama mtumiaji.

Cha tatu, programu iliyotengenezwa kwa pesa zenu: andikeni haki ni za nani, na msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na mafundi) ukabidhiwe kila toleo. Haki ya karatasi bila msimbo haiwashi seva.

---

Msanifu_Ntinda

Naongezea kwa Wakili: mkabidhiwe msimbo *na* maelekezo ya kuujenga, kisha mtu asiye wa kampuni hiyo aujenge kwenye mashine tupu. Usipojengeka, mmekabidhiwa maandishi tu.

---

CPA_wa_Mezani

Kuna gharama ambayo wasanifu huisahau. Mkandarasi akiwa wa hapa, kodi ya zuio ni 6% kama nyinyi mmeteuliwa kuwa wakala wa kuzuia. Akiwa wa nje bila ofisi hapa, zuio ni 15%, na VAT ya 18% ya huduma iliyoagizwa nje mnajitoza wenyewe. Huduma za kifedha zimesamehewa VAT, maana yake hiyo 18% SACCO haiwezi kuidai irudi. Inakuwa gharama kamili.

Sasa tuseme huduma ya wingu ya dola 1,000 kwa mwezi inatozwa hivyo, na kwenye mkataba wameandika "bei haihusishi kodi zozote za nchi ya mteja". Ili wapate 1,000 kamili mnagawa kwa 0.85, inakuwa 1,176. Ongeza VAT juu yake, mnakaribia 1,400. Jedwali la kulinganisha "seva yetu au wingu" likianza na 1,000 limeshaharibika kabla ya ukurasa wa pili. Na mkandarasi wa ndani atoe ankara ya EFRIS (mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato), asitoe ya Word.

---

MhasibuWaMagharibi

Asanteni sana. Nimechapisha uzi huu kwa mwenyekiti. Maswali mawili yamebaki. Mkandarasi mmoja au wengi? Na hawa vijana wetu wawili, wabaki na kazi gani?

---

FundiSeva_Jinja

Mmoja. Wengi watawachosha. Kila tatizo "si letu, ni la wale".

---

Msanifu_Ntinda

Hapa tunatofautiana kidogo na Fundi. Mmoja ni mwepesi kumpigia simu na mgumu kumwacha. Wengi ni kinyume chake, na nyinyi ndio mnageuka kuwa gundi. Kwa watu wawili, gundi ya mikataba mitatu inawezekana, ya saba haiwezekani.

Ningegawa hivi: mmoja wa laini, kompyuta za mezani na msaada kwa watumiaji, mmoja wa mfumo wa akiba pamoja na seva unayokaa, kwa sababu mkizitenga hizo mbili mtarudi kwenye kule kutupiana mpira alikokutaja Laini_na_Nodi, na kampuni ya kati ya pesa za simu, mkataba wake uwe na SACCO moja kwa moja. Usipitie kwa mkandarasi wa mfumo. Pesa zinapita hapo.

Na miaka mitano ni mingi kwa mara ya kwanza. Mwaka 2002 benki ya JPMorgan Chase ya Marekani walisaini na IBM miaka saba, dola bilioni 5. Mwaka 2004, baada ya kuungana na Bank One, walivunja na kurudisha kazi ndani. Walikuwa na uwezo wa kubeba gharama ya kubadili mawazo. Nyinyi andikeni mitatu, kisha mmoja mmoja wa kuongeza.

Kisa kingine cha kusoma ni cha benki ya TSB ya Uingereza, Aprili 2018. Walihamisha wateja kwenye mfumo mpya uliojengwa na kampuni dada, ambayo nayo ilitegemea wakandarasi wengi chini yake. Wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza benki pauni milioni 48.65. Faini ilienda kwa benki, kwa kutosimamia waliopewa kazi.

---

NesiWaTakwimu

Kwa sisi wa hospitali za serikali je? Hatuchagui tu tunavyotaka.

---

Wakili_Nakasero

Hamchagui. Ununuzi wenu unafuata sheria ya PPDA (mamlaka ya ununuzi wa umma), na miradi ya TEHAMA inaangaliwa na NITA-U, ambayo pia ina kituo cha data cha taifa na jukwaa la UGHub la kuunganisha mifumo ya serikali. Ila kanuni ya Msanifu inawafaa hata zaidi: maelezo ya zabuni hayatakiwi kutaja chapa, kwa hiyo kinachobaki kuelezea ni mpaka. Data gani inaingia, gani inatoka, kwa umbo gani, ndani ya muda gani. Asiyejua mishale yake huishia kunakili maelezo ya bidhaa ya muuzaji mmoja, na hapo rufaa za wazabuni zinaanza.

---

Laini_na_Nodi

Kuhusu kutoka, maana hakuna aliyeligusa. Mna skani za fomu za wanachama na vitambulisho, tuseme TB 4. Kwa laini ya Mbps 50 ikiwa tupu kabisa, kuzihamisha kunachukua siku 7 na nusu hivi, na laini haiwi tupu. Kifungu cha "mkandarasi atarudisha data ndani ya saa 48" basi hakitekelezeki. Andikeni diski mbili zilizofungwa kwa nenosiri, zikabidhiwe kwa mkono na kusainiwa. Data itoke kwa CSV au SQL (maumbo ambayo mfumo mwingine unaweza kuyasoma) pamoja na maelezo ya kila safu. Kila robo mwaka mjaribu: chukua data hiyo, iwashe kwenye mashine yenu, toa urari wa hesabu, ulinganishe na wa siku hiyo. Ukikosana hata shilingi moja, mkandarasi aitwe.

Na bei ya kuachana ipigwe hesabu siku ya kuoana. Kampuni iitwayo Umeme ilichukua usambazaji wa umeme nchini mwaka 2005 kwa miaka 20, mkataba ukaisha Machi 2025, kazi ikaenda UEDCL ya serikali, na pande mbili zikabaki zinabishania kiasi cha fidia ya uwekezaji. Wao wana mawakili wa London. Nyinyi mna mwenyekiti.

---

Dada_Miamala

😂😂

---

Msanifu_Ntinda

Kuhusu vijana wawili. Mmoja ashike ramani: zile kurasa nne, umbo la data, orodha ya akaunti na manenosiri ya wasimamizi wakuu. Mabadiliko yoyote ya mkandarasi yanayogusa mshale yapite kwake kwa maandishi siku tano kabla, na asipojibu yasifanyike. Wa pili ashike mkataba: anapima SLA tawini, anasoma ulinganisho wa kila asubuhi, anakagua ankara. Kila fundi wa mkandarasi awe na akaunti yake kwa jina lake. Ile "admin" moja inayotumiwa na watu sita ifungwe, na kumbukumbu za nani aliingia lini zihifadhiwe kwenye mashine yenu.

Kisha kifungu kimoja ambacho husahaulika: mkandarasi asiwaajiri hao wawili wakati wa mkataba na miezi 12 baada yake, bila idhini ya bodi. Ni jambo la kawaida sana, mkandarasi anamchukua anayeujua mfumo, kila mtu anapongezana, na SACCO inabaki bila mtu wa kusoma ripoti aliyoilipia. Kabla hamjafika huko, mpandisheni mshahara.

---

MhasibuWaMagharibi

Tuanze kutoa kipi?

---

Msanifu_Ntinda

Kompyuta za mezani na laini, miezi sita ya kwanza. Pesa za simu zisiguswe mpaka ulinganisho wa pande tatu uwe umekaa sawa siku 30 mfululizo. Mfumo wa akiba uwe wa mwisho, na msihamie Desemba wala wiki ambayo shule zinafunguliwa, maana wanachama wote wako dirishani kuchukua karo.

---

Dada_Miamala

Na tarehe ya kuhama ikishachaguliwa, tawi moja dogo litangulie wiki mbili kabla. Leja za zamani na mpya ziendeshwe pamoja, keshia akichapa kote kuwili. Watalalamika. Waongezeni posho ya chakula cha mchana kwa siku hizo.